Mtungi wa Zamani wa Kuzamia: Utunzwe au Uachwe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mitungi ya hewa ya kuzamia huwafikia watu wa pwani yetu kwa njia nyingi. Kituo cha uzamiaji hufungwa Nungwi au Diani na vifaa vyake vikauzwa kwa jumla. Mgeni huondoka Watamu akamwachia nahodha wake mzigo ambao hakutaka kuulipia kwenye ndege. Au kontena la mitumba hufunguliwa na ndani yake ukakutwa mtungi wa alumini uliochubuka rangi. Wanaopata mitungi hiyo huuliza maswali yanayofanana, na takriban yote hurudi kwenye moja: je, hii ni mali au ni chuma chakavu? Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwenye mtungi, lakini pia kwa ajili ya kijana anayesimama kando ya kompresa na kuujaza, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu nao zaidi presha inapopanda, ilhali hakuna aliyemshauri mtungi ulipokuwa ukinunuliwa.

Nianzie wapi kabla ya kutoa fedha?

Anzia kwa atakayekujazia. Nenda kwenye kituo cha uzamiaji kilicho karibu nawe, ukiwa na picha ya alama zilizogongwa kwenye bega la mtungi, uulize maswali mawili: kama mtungi huu ukipita majaribio, je, mtanijazia? Na majaribio hayo nyinyi wenyewe huyapeleka wapi? Kituo kinaweza kuukataa mtungi halali kabisa kwa sababu ya umri wake au aina ya aloi yake (mchanganyiko wa metali uliotumika), na kinayo haki hiyo, kwa maana mfanyakazi anayejaza ni wake na kompresa ni yake. Mtungi usiojazwa na yeyote hauna faida hata ukiupata bure.

Muuzaji asiyekubali upige picha ya alama hizo, achana naye.

Alama zilizogongwa begani zinasema nini?

Zinasema karibu kila kitu, na inafaa kuzisoma polepole mchana kweupe, baada ya kuondoa chumvi na rangi kwa brashi laini, si kwa tupa wala jiwe la kunolea.

Mtungi uliotengenezwa kwa kanuni za Marekani huandikwa DOT, kifupi cha Wizara ya Uchukuzi ya huko, na ile ya kabla ya miaka ya 1970 huandikwa ICC, kifupi cha tume iliyosimamia kazi hiyo kabla yake. Baada ya herufi hizo hufuata aina: 3AA ni chuma, 3AL ni alumini. Namba inayofuata ni presha ya kujazia kwa kipimo cha psi (pauni kwa inchi ya mraba), kwa hiyo 3AL3000 ni mtungi wa alumini unaojazwa hadi psi 3,000, ambazo ni takriban bar 207. Mitungi ya alumini iliyotangulia kanuni ya 3AL huwa na alama ya kibali maalumu, kama vile SP6498 au E6498, na ukiiona alama hiyo jua kwamba mkononi una mtungi wa zamani sana. Mitungi ya Ulaya huandikwa kwa bar: presha ya kazi, ambayo aghalabu ni 200, 232 au 300, presha ya jaribio iliyo juu zaidi, ujazo kwa lita, na uzito wa mtungi ukiwa mtupu. Tahadhari usichanganye presha ya jaribio na presha ya kujazia, kwa kuwa kosa hilo linaweza kuua.

Kisha zitazame tarehe. Ya kwanza ni ya jaribio la kiwandani na ndiyo umri wa mtungi. Zinazofuata ni za majaribio ya baadaye, na kwa mitungi ya Marekani mwezi na mwaka hutenganishwa na alama ya kituo kilichofanya kazi hiyo. Mimi husoma mfululizo huu kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Mtungi wenye tarehe za 1994, 1999, 2004, 2009 na 2014 umekuwa mikononi mwa watu waliofuata utaratibu. Mtungi wenye tarehe ya 1994 peke yake umeishi maisha ambayo hakuna anayeweza kukusimulia, na muuzaji akisema ulikaa tu stoo, hilo ni neno lake, halikugongwa kwenye chuma.

Kwenye mitungi ya 3AA unaweza kuona alama ya kujumlisha baada ya tarehe. Alama hiyo huruhusu mtungi kujazwa asilimia 10 zaidi ya presha iliyoandikwa, lakini ruhusa hiyo ni ya jaribio lile tu. Ikiwa jaribio la mwisho halina alama ya kujumlisha, ruhusa imekwisha.

Alama zikiwa zimesagwa, zimefutika au zimegongwa upya na fundi wa mtaani, hakuna la kujadili. Mtungi huo haufai.

Mtungi wangu ni wa alumini wa miaka ya 1980 na nje unang'aa. Kwa nini watu wanauogopa?

Kwa sababu ya aloi. Mitungi mingi ya alumini ya kipindi hicho ilitengenezwa kwa aloi iitwayo 6351. Luxfer, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, aliiacha aloi hiyo katika kiwanda chake cha Marekani mwaka 1988 na kuhamia aloi ya 6061, ila kiwanda chake cha Uingereza kiliendelea nayo hadi 1995. Walter Kidde pia aliitumia. Catalina hakuitumia kabisa. Mitungi yake ni ya 6061. Ndiyo maana jina la mtengenezaji, nchi na mwaka lazima visomwe kwa pamoja: mtungi wa Luxfer wa 1992 uliotoka Marekani na mwenzake wa mwaka huohuo uliotoka Uingereza si kitu kimoja.

Tatizo la 6351 ni kwamba metali inayobeba mzigo mmoja kwa muda mrefu, yaani presha isiyoshuka, inaweza kuanza kupasuka pole pole kutoka ndani, kwenye shingo na kwenye hesi ambamo valvu hufungwa. Ufa huo hauhitaji mtungi kudondoka wala kutumiwa vibaya, na mtungi uliojazwa ukawekwa kwenye kona ya nyumba kwa miaka unaweza kuupata vilevile. Mara nyingi mtungi huanza kuvuja kabla ya kupasuka, na mvujo huo humwokoa mwenyewe. Lakini mingine imepasuka, hasa wakati wa kujazwa, na watu wamepoteza viungo na maisha. Mwaka 2006 mamlaka ya uchukuzi ya Marekani ilitoa kanuni kwamba mitungi ya kuzamia ya aloi hii, kila inapofanyiwa jaribio la miaka mitano, ipimwe pia shingoni kwa kifaa cha mkondo wa umeme kinachosaka nyufa zisizoonekana kwa jicho. Mtungi uliopita hugongwa herufi VE karibu na tarehe.

Je, utunzwe? Kisheria, huko Marekani, mtungi wa 6351 wenye alama ya VE na jaribio lililo hai si haramu. Hata hivyo, kwa mtu anayeishi Mafia, Pemba au Lamu, msimamo wangu ni kwamba usitunzwe. Kipimo cha shingo ndicho kinachouhalalisha, na usipokuwa na uhakika wa kukipata kila miaka mitano kwa mkaguzi anayejua kukisoma kifaa, hufai kumwomba mtu asimame kando yake na kufungua kompresa. Mng'ao wa nje hauhusiani na jambo hili.

Na mtungi wa chuma wa zamani zaidi ya huo?

Hapa wengi hushangaa. Mtungi wa 3AA wa miaka ya 1960 au 1970 unaweza kuwa salama kuliko mtungi wa alumini wa 1985, kwa kuwa chuma hakina ugonjwa ule wa shingo. Adui yake ni kutu, na kutu huonekana na hupimika. Ile mitungi ya kawaida ya enzi hiyo, yenye alama ya 2250, bado inapita majaribio pale ilipotunzwa ikiwa mikavu.

Lakini tazama na utumizi wake. Mtungi wa ujazo wa lita 10 ukijazwa psi 2,250, sawa na bar 155, hubeba takriban lita 1,550 za hewa, ilhali mtungi wa alumini wa lita 11.1 kwa bar 207 hubeba karibu lita 2,300. Kwa mzamiaji anayepumua lita 20 kwa dakika juu ya maji, kina cha mita 10 humaliza lita 40 kwa dakika, na tofauti kati ya mitungi hiyo miwili inakuwa dakika zisizopungua 15. Faida ya chuma ni kwamba hauelei unapokwisha, wakati mtungi wa alumini wa aina hiyo, ukiwa mtupu, huvuta kuelekea juu kwa takriban kilo mbili na humlazimu mzamiaji kuongeza uzito wa madini ya risasi kiunoni.

Aina mbili za mitungi ya chuma mimi huzikataa moja kwa moja. Ule uliopakwa utando wa plastiki au epoksi kwa ndani, kwa sababu utando ukibanduka maji hujificha chini yake na mkaguzi haoni kinachoendelea. Na ule ambao kiatu chake cha plastiki hakijawahi kuvuliwa na, kikivuliwa, kitako kinatoka na magamba ya kutu.

Jaribio la presha hufanywaje, na kwa nini hutumiwa maji?

Mtungi hujazwa maji, hutumbukizwa ndani ya chombo kingine chenye maji, kisha husukumwa hadi presha iliyo juu ya ile ya kazi. Kwa mitungi ya 3AA na 3AL presha hiyo ni tano juu ya tatu ya presha ya kazi, kwa hiyo mtungi wa psi 3,000 hupandishwa hadi 5,000. Kila mtungi hutanuka kidogo. Fundi hupima ulivyotanuka, huishusha presha, kisha hupima kiasi ambacho mtungi haukurudi. Kiasi hicho kikizidi asilimia 10 ya mtanuko wote, metali imechoka na mtungi umekataliwa. Maji hutumiwa kwa sababu hayabaniki kama hewa, hivyo mtungi ukipasuka jaribioni maji humwagika tu, ilhali hewa ya presha hiyo ingebomoa chumba.

Jaribio hili huhitajika kila miaka mitano Marekani na pia Uingereza. Uingereza huongeza ukaguzi wa macho kila baada ya miaka miwili na nusu, na Marekani desturi ya wazamiaji, ingawa si sheria ya serikali, ni ukaguzi wa macho kila mwaka. Katika chumvi na joto la pwani yetu, kila mwaka ndio utaratibu wa busara. Kwa upande wa mamlaka, vyombo vya presha mahali pa kazi viko chini ya ofisi za serikali za usalama na afya kazini: OSHA kwa Tanzania Bara na DOSHS kwa Kenya. Ofisi hizo ndizo za kuulizwa ni nani aliyeidhinishwa kupima mitungi katika eneo lako, badala ya kutegemea kauli ya fundi yeyote mwenye pampu.

Jaribio hilo peke yake halitoshi. Mtungi wenye ufa mdogo shingoni unaweza kupita jaribio la maji, na mtungi uliopita jana unaweza kuingiwa na maji ya bahari leo.

Mkaguzi huangalia nini ndani?

Huondoa valvu, huteremsha taa nyembamba ndani, na hutumia kioo kidogo kuangalia hesi na sehemu ya chini ya shingo. Kwenye alumini hutafuta unga mweupe, vishimo na nyufa. Kwenye chuma hutafuta kutu, na hasa iwapo kutu hiyo ni vumbi jepesi la juujuu au imechimba vishimo. Vumbi jepesi linaweza kusafishwa kwa kuuzungusha mtungi ukiwa na kokoto maalumu ndani. Vishimo virefu, au vilivyojipanga katika mstari, haviponyeki.

Usiondoe valvu wewe mwenyewe ili kuchungulia. Kazi hii ina mafunzo yake, na hatari yake kubwa inaelezwa katika jibu linalofuata.

Mtungi una hewa ndani tangu nilipoununua. Naweza kuipumua?

Hapana. Hujui ilitoka kwenye kompresa gani, kama ilichanganyika na moshi wa injini au mvuke wa oili, au kama ilikuwa hewa ya kawaida. Isitoshe, chuma kinapopata kutu hula oksijeni, na katika mtungi wa chuma uliofungwa kwa miaka, ndani yake mkiwa na maji kidogo, oksijeni inaweza kushuka hadi kiwango cha kumzimisha mtu bila kuhisi dalili yoyote. Hewa hiyo haina harufu mbaya wala haimkabi mzamiaji. Fahamu zake hupotea tu, naye yuko chini ya maji.

Imwage nje ya nyumba, mtungi ukiwa umefungwa usitingishike, kwa kufungua valvu kidogo kidogo huku uso na mwili wako vikiwa pembeni. Ikitoka na ukungu mweupe wa maji au harufu ya oili, andika jambo hilo umweleze mkaguzi. Na ukifungua valvu kisha kusitoke kitu, usihitimishe kwamba mtungi ni mtupu: mrija mdogo ulio chini ya valvu unaweza kuwa umezibwa na kutu au chumvi, huku nyuma yake ikisubiri presha kamili. Bar 200 ni takriban kilo 200 zinazosukuma kila sentimita moja ya mraba. Valvu inayofyatuka shingoni kwa nguvu hiyo hutoboa paa. Mtungi wa namna hiyo usigongwe nyundo, usifunguliwe kwa spana. Upelekwe kwa mtaalamu na umweleze ulichokiona.

Valvu imeharibika lakini mtungi ni mzima. Nifunge nyingine?

Valvu hubadilishwa, tena kwa gharama ndogo ukilinganisha na mtungi, lakini hesi lazima ziwe za aina moja, na hapa pana mtego uliowahi kuua watu. Mitungi ya Marekani hutumia hesi ya robo tatu ya inchi, na mingi ya Ulaya hutumia M25. Valvu ya M25 huingia kwenye mtungi wa robo tatu ya inchi, hujikaza kiasi cha kumdanganya fundi, kisha hufyatuka presha inapopanda. Pwani yetu ina mitungi ya pande zote mbili, na valvu hutolewa huku zikafungwa kule. Soma alama ya hesi kwenye mtungi na kwenye valvu. Kama moja haisomeki, ipimwe kwa geji ya hesi, isijaribiwe kwa mkono.

Valvu za zamani zenye mkono wa akiba, ambao mzamiaji aliuvuta hewa ilipokaribia kwisha, hazina sababu ya kutumika leo ambapo kila rigyuleta (kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye valvu) huwa na geji.

Mtungi uliungua, au umechomelewa kishikio. Bado unafaa?

La. Alumini iliyopata joto la zaidi ya nyuzi 177 za Selsiasi hupoteza ugumu wake, na hukataliwa bila kujali inavyoonekana. Moto wa nyumba unatosha, na hata tanuri la kupakia rangi ya unga kwenye mageti linatosha. Mtungi wa aina yoyote wenye alama ya kuchomelea ni wa kukatwa. Kwa sababu hiyo mtungi uliopakwa rangi mpya unastahili mashaka zaidi kuliko uliochubuka: uliza rangi ilipakwa wapi na ilikaushwaje.

Gharama zikijumlishwa, lini inafaa kuutunza?

Jumlisha jaribio la maji, ukaguzi wa macho, matengenezo ya valvu na usafiri wa kwenda na kurudi, hata kama ni boti ya kutoka Pemba na basi juu yake. Kiasi hicho kikipita nusu ya bei ya mtungi mpya wa alumini uliofikishwa ulipo, kwa maoni yangu hesabu imekwisha, kwa kuwa mpya una miaka mitano mbele yake kabla ya jaribio la kwanza. Kumbuka pia kwamba vituo vingi vya uzamiaji hujumuisha mtungi na risasi katika bei ya safari. Anayezamia mara chache kwa mwaka hahitaji mtungi wake hata kidogo. Vifaa vya kununua kwanza ni barakoa inayomtosha na kompyuta ya kuzamia.

Mtungi wa kutunzwa ni ule wa chuma wa 3AA, au wa alumini ya 6061, wenye mfululizo wa tarehe unaoeleweka, hesi safi, na kituo kilichokubali kuujaza.

Nikiutunza, niuweke vipi?

Uoshwe kwa maji matamu kila baada ya kuzamia, kiatu chake kivuliwe kikauke, na uwekwe ukiwa na presha ndogo tu, bar 20 hivi, ili hewa yenye unyevunyevu isiingie. Usiumalize kabisa ukiwa chini ya maji. Juani, mtungi wa bar 200 ukipata joto la nyuzi 30 zaidi hupanda hadi karibu bar 220, kwa hiyo kivuli cha ngalawa ni bora kuliko sitaha.

Umekataliwa. Naweza kuutumia kujazia matairi, au kumuuzia mtu anayeuhitaji zaidi yangu?

Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Mtungi ambao hauwezi kubeba hewa ya mzamiaji hauwezi kubeba hewa ya gereji, na katika gereji watu husimama karibu nao kutwa nzima. Kuuza ndiko kunakoniumiza zaidi. Mtungi uliokataliwa ukiuzwa kwa bei ya chini utamfikia yule asiye na njia ya kununua mwingine, kama vile kijana anayezamia majongoo bahari bila mafunzo wala kituo cha kumkagulia, na yeye atauamini kwa sababu aliuziwa na mtu anayejua.

Mtungi umwagwe hewa, valvu iondolewe na mkaguzi, kisha shingo ikatwe au mwili utobolewe tundu kubwa kiasi kwamba hakuna atakayeweza kuuziba. Omba mkaguzi afanye hivyo mbele yako, na usikubali kupewa mtungi uliochorwa tu msalaba wa rangi. Baada ya hapo wanunuzi wa vyuma chakavu hulipia alumini kwa kilo, na mtungi wa kawaida wa alumini una takriban kilo 14. Sehemu ya juu ya mtungi wa chuma, ikikatwa vizuri na kutundikwa, hutoa kengele ya shule yenye sauti ndefu, na shule nyingi zinazogonga rimu ya gari zitaipokea kwa furaha.